Bonde la Aguán: Ardhi Iliyogawiwa, Ardhi Iliyouzwa

(Mada iliyotolewa katika semina ya wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia)



Nimeombwa kusema juu ya ardhi na maisha ya mkulima mdogo. Katika semina kama hii desturi yetu ni kuanza na mafundisho ya Kanisa, kisha tukatafuta mifano ya kuyathibitisha. Leo naomba ruhusa yenu nigeuze utaratibu huo. Nitawaeleza habari za mahali pamoja tu, tangu udongo wake hadi watu wake, ili mwone wenyewe jinsi jambo moja linavyozaa jingine. Mahali hapo ni bonde la mto Aguán, katika nchi ya Honduras, Amerika ya Kati.

Pengine mtaniuliza: Padre, Honduras ni mbali, yatuhusu nini? Nina sababu mbili. Kwanza, zao kuu la bonde hilo ni mchikichi, mti ambao asili yake ni Afrika Magharibi, na ambao ndugu zetu wa Kigoma na wa mashariki ya Kongo wanaujua tangu enzi za babu zao. Pili, wakulima wa bonde hilo walikwisha kupewa ardhi kwa sheria, wakaiendeleza kwa jasho lao, kisha wengi wao wakaipoteza kwa karatasi waliyotia sahihi wenyewe. Jambo hili la pili ndilo linalonisumbua moyo, nami nitalisemea zaidi kuliko mengine yote.

1. Bonde na maji yake

Honduras ni nchi yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 112,000 na watu wapatao milioni 10. Sehemu kubwa ni milima. Mkulima maskini wa huko, kama mkulima maskini wa mahali pengi duniani, hulima mahindi na maharagwe kwenye mteremko, kwa maana nchi tambarare yenye rutuba ina wenyewe. Mabonde mapana yapo hasa upande wa kaskazini, kuelekea bahari ya Karibi, na bonde la Aguán ni mojawapo.

Mto Aguán huanzia katika milima ya mkoa wa Yoro, nao hutiririka kuelekea mashariki na kaskazini kwa kilomita 240 hivi, hata ukaingia baharini karibu na mji mdogo wa Santa Rosa de Aguán, katika mkoa wa Colón. Kati ya bonde na pwani umesimama mlolongo wa milima uitwao Nombre de Dios, yaani Jina la Mungu. Milima hiyo huzuia mawingu ya bahari. Kwa sababu hiyo sehemu ya juu ya bonde, kando ya mji wa Olanchito, ni kavu, nako huota vichaka vya miiba. Lakini ukishuka na mto kupita Sabá hadi Tocoa, mvua huongezeka, na udongo ni ule mweusi uliorundikwa na mafuriko ya karne nyingi. Sehemu hiyo ya chini ndiyo wanayoiita Bajo Aguán.

Mto huohuo uletao rutuba huleta pia maangamizi. Mwezi Septemba 1974 kimbunga Fifi kiliipiga pwani ya kaskazini, na watu waliokufa nchini walikadiriwa kuwa maelfu. Mwaka 1998 kikaja kimbunga Mitch; watu zaidi ya 5,000 walikufa Honduras, na katika Santa Rosa de Aguán nyumba nyingi zilichukuliwa na maji hadi baharini pamoja na waliokuwamo. Novemba 2020 vimbunga viwili, Eta na Iota, vilifuatana katika muda wa majuma mawili. Kwa hiyo mtu anayeishi kando ya mto ule hujenga akijua kwamba huenda atajenga tena.

2. Enzi ya ndizi

Wenyeji wa asili wa nchi hizo ni pamoja na Wapech, ambao leo wamebaki wachache katika milima ya Colón na Olancho. Wahispania waliuanzisha mji wa bandari wa Trujillo mwaka 1525. Mwaka 1797 Waingereza waliwafukuza Wagarifuna kutoka kisiwa cha St. Vincent, wakawatupa katika kisiwa cha Roatán, na kutoka huko wakavuka hadi Trujillo na kuenea pwani nzima. Wagarifuna ni wazao wa Waafrika na wa Wakaribi. Hadi leo wanavua samaki, wanalima muhogo na kuoka mkate mwembamba wa muhogo, na wanashika lugha yao wenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuja makampuni ya ndizi kutoka Marekani. Serikali ya Honduras iliwapa ardhi kwa masharti ya kujenga reli. Kampuni ya United Fruit, kwa kupitia kampuni yake tanzu ya Trujillo Railroad, ilipanda ndizi katika bonde la chini na kuzisafirisha kwa bandari ya Puerto Castilla. Kampuni ya Standard Fruit, iliyokuwa na makao La Ceiba, ilifika mpaka Olanchito. Reli zilijengwa, naam, lakini zilitoka shambani kwenda bandarini tu; hazikuuunganisha mji mkuu na watu wake.

Kisha ulizuka ugonjwa wa Panama, ukungu unaokaa udongoni na kukausha migomba. Dawa yake haikuwapo. Njia ya makampuni ilikuwa kuhama na kwenda kulima ardhi mpya. Katika miaka ya 1930 United Fruit iliondoka Bajo Aguán, ikang'oa hata reli. Waliobaki walibaki na msitu uliokwisha fyekwa, vijiji visivyo na kazi, na ardhi ambayo haikujulikana ni ya nani.

Mwaka 1950 mwandishi Ramón Amaya Amador, mzaliwa wa Olanchito, alitoa riwaya aliyoiita Prisión Verde, yaani Gereza la Kijani, akieleza maisha ya vibarua wa mashamba ya ndizi. Mwaka 1954 vibarua hao wa kaskazini waligoma kwa zaidi ya miezi miwili, na wagomaji walikuwa zaidi ya 25,000. Kutokana na mgomo huo Honduras ilipata kwa mara ya kwanza sheria za kazi na vyama vya wafanyakazi vinavyotambuliwa. Basi msidhani kwamba watu wa huko walikuwa kondoo waliokaa kimya.

3. Ardhi yagawiwa

Mwaka 1962, wakati wa Rais Ramón Villeda Morales, Honduras ilipitisha sheria ya mageuzi ya ardhi. Sheria nyingine, yenye nguvu zaidi, ilitolewa na serikali ya kijeshi ya Jenerali Oswaldo López Arellano, ikaanza kutumika Januari 1975. Ardhi isiyolimwa iliweza kutwaliwa na kupewa wakulima waliojiunga katika vyama vya ushirika. Waliopewa waliitumia pamoja na hawakuruhusiwa kuiuza.

Bajo Aguán ndiyo iliyochaguliwa kuwa uwanja mkuu wa mpango huo. Tangu mwaka 1970 serikali, kwa mikopo ya kimataifa, ilichonga barabara, ikajenga madaraja, ikafyeka msitu. Maelfu ya familia walihamishiwa huko kutoka mikoa ya kusini na magharibi, ambako ardhi ilikuwa imekwisha na ukame ulikuwa umezidi. Miongoni mwao walikuwapo waliopoteza kila kitu katika vita vya Julai 1969 kati ya Honduras na El Salvador, na baadaye waliofilisiwa na kimbunga Fifi.

Tafakarini, ndugu zangu, mzigo waliobebeshwa watu hao. Walitoka nchi kavu ya milimani wakatupwa katika msitu wenye mbu na matope. Wengi hawakujua kusoma. Walitakiwa kulima zao wasilolijua, pamoja na watu wasiowajua, kwa fedha za mkopo ambazo hawakuwahi kuzishika mikononi. Na bado waliweza. Katika muda wa miaka 15 hivi msitu ulikuwa umegeuka mashamba ya michikichi, machungwa na ndizi, na vyama vyao vilikuwa na vinu vyao vya kukamulia mafuta.

Lakini hata wakati ule dalili za hatari zilikuwapo. Baada ya kimbunga Fifi, Standard Fruit iliacha shamba la ndizi la Isletas lililokuwa limeharibika. Wafanyakazi wakaungana, wakalifufua kama ushirika wao, na ndizi zikaanza kwenda sokoni tena. Mwaka 1977 askari waliingia Isletas, wakawakamata viongozi wao na kuwafunga. Ushirika dhaifu ulivumiliwa. Ule uliotaka kuuza ndizi zake kwa bei nzuri ulionekana kuwa tishio.

4. Mchikichi na kinu chake

Hapa sharti nieleze kidogo tabia ya mti wenyewe, kwani mtu asiyeielewa hataelewa siasa za bonde lile.

Mchikichi wa shambani huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne tangu kupandwa, nao huzaa kwa muda wa miaka 25 hivi, mpaka unapokuwa mrefu mno kuvunwa. Hekta moja huchukua miti ipatayo 140. Hauna msimu mmoja. Huvunwa mwaka mzima, kila baada ya siku 10 hadi 15. Mvunaji hukata mkungu kwa mundu uliofungwa kwenye mti mrefu, mkungu wenye uzito wa kilo 20 au zaidi ukaanguka, kisha hubebwa hadi barabarani. Kwa hekta moja hakuna zao la mafuta linalotoa mengi kuushinda.

Lakini zao hili lina sharti moja kali. Chikichi zilizokatwa zapaswa kukamuliwa katika muda wa siku moja au mbili, la sivyo mafuta yake huharibika. Mkulima wa mahindi aweza kuweka gunia ghalani akangojea bei. Mkulima wa michikichi hawezi. Mkungu umekwisha katwa, jua linawaka, barabara ni mbovu, na kinu ni kimoja. Kwa hiyo mwenye kinu ndiye asemaye bei, hata kama shamba si lake. Lau wakulima wa Aguán wangekuwa na ardhi tu bila vinu, wangekuwa vibarua wenye hati. Vinu vya ushirika ndivyo vilivyowapa sauti.

Tena zao hili huliwi lilivyo. Familia yenye hekta tatu za mahindi, maharagwe na ndizi za kupika hula hata bei zikianguka. Familia yenye hekta tatu za michikichi hutegemea dukani kwa kila kitu, na bei ya mafuta hupangwa na masoko ya mbali, ambako habari za Malaysia na Indonesia zina uzito kuliko za Tocoa. Mwaka 2022 Indonesia ilipozuia kwa muda kuuza mafuta yake nje, bei ilipanda kwa namna isiyowahi kuonekana, na wenye michikichi walifurahi. Lakini bei ipandayo kwa amri ya mtu wa mbali hushuka pia kwa amri yake.

Leo Honduras ina hekta za michikichi zipatazo 200,000, na mafuta hayo ni miongoni mwa mazao makuu inayouza nje pamoja na kahawa na ndizi. Wapo wakulima wadogo na vyama ambao wamefaidika nayo. Si haki kusema kwamba mti huu umeleta balaa tupu. Mti hauna dhambi. Swali ni nani anaushika, kwa masharti gani, na umepandwa juu ya mahindi ya nani.

5. Ardhi yauzwa

Mwaka 1990 serikali mpya ya Rais Rafael Leonardo Callejas ilianza kupunguza matumizi na kulegeza uchumi kwa ushauri wa wakopeshaji wa nje. Lempira, ambayo kwa karibu miaka 60 ilikuwa mbili kwa dola moja, ilishushwa thamani. Mbolea na vipuri vya vinu vikawa ghali. Mikopo nafuu na wataalamu wa serikali vikapungua. Mwaka 1992 ikapitishwa sheria ya kuifanya sekta ya kilimo kuwa ya kisasa. Pamoja na mambo mengine, sheria hiyo iliwaruhusu wanaushirika kuuza ardhi ya mageuzi.

Wachunguzi wanakadiria kwamba kati ya mwaka 1990 na 1994 karibu robo tatu ya ardhi ya vyama vya Bajo Aguán ilikuwa imeuzwa, sehemu kubwa kwa wanunuzi wachache wenye mitaji mikubwa na vinu vyao wenyewe. Kazi ya miaka 20 ilifutika katika miaka 4.

Sasa nawaombeni tusikimbilie kulaumu upande mmoja tu. Ni kweli kwamba wapo wakulima walioeleza baadaye jinsi walivyotishwa, na viongozi waliohongwa, na mikutano iliyofanywa bila wanachama wote. Malalamiko hayo yamo katika kesi zilizofunguliwa mahakamani. Lakini si wote waliotishwa. Wengi waliuza kwa hiari, na sababu zao zinaeleweka kabisa.

Chama kilikuwa na deni, na mwanachama wa kawaida hakujua deni hilo ni kiasi gani wala limetokana na nini, kwani vitabu vilikaa kwa wachache. Baadhi ya viongozi walikuwa wamekwisha jizoeza kula cha wenzao. Mwanachama aliona shamba kubwa lisilompa zaidi ya ujira wa kibarua. Akaja mtu mwenye fedha taslimu, akasema: kila mmoja atapata fungu lake leo. Kwa mtu ambaye hajapata kuona fedha nyingi kwa pamoja, zile zilionekana kama uhai mpya. Baada ya mwaka mmoja au miwili fedha zilikuwa zimekwisha, na yeye akarudi katika shamba lilelile kuvuna mikungu ileile, safari hii kama kibarua wa mwingine.

Neno jingine halisemwi sana, nami nalisema wazi. Katika vyama vingi mwanachama alikuwa mume. Mke alilima, alipika, alizaa na kulea katika ardhi ile, lakini kura hakuwa nayo. Siku ya kuuza hakuulizwa. Lakini siku fedha zilipokwisha, aliyetafuta cha kuwapa watoto ni yeye.

Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Wakulima wale waliuza kwa sababu mikono yao ilikuwa mitupu ingawa miguu yao ilisimama juu ya mali.

6. Gharama ya damu

Watoto wa waliouza walikua. Wakakuta hawana ardhi, wala kazi ya kutosha, wala milima ya kurudia. Mei 2000 familia zipatazo 700 ziliingia katika ardhi ya iliyokuwa kambi ya kijeshi karibu na Trujillo. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1983 kwa msaada wa Marekani ili kuwafundisha askari, wakiwamo wa El Salvador. Kijiji walichokianzisha humo wakakiita Guadalupe Carney.

Baada ya Rais Manuel Zelaya kupinduliwa Juni 2009, matumaini ya kumaliza madai kwa mazungumzo yalififia. Desemba mwaka huo maelfu ya wakulima waliingia katika mashamba ya michikichi waliyosema kwamba yaliuzwa kinyume cha sheria. Wenye mashamba walisema wana hati halali na kwamba wavamizi wanawaibia mazao. Serikali ilileta askari. Mwezi Aprili 2010 Rais Porfirio Lobo alitia sahihi mapatano na wakulima. Baadaye baadhi yao walipata ardhi, lakini kwa kuilipia kwa mkopo wa benki. Yaani walikopa ili wanunue kile ambacho wazazi wao walikwisha gawiwa.

Damu ilimwagika. Tarehe 15 Novemba 2010 wakulima watano waliuawa mahali paitwapo El Tumbador. Septemba 2012 wakili wao Antonio Trejo Cabrera aliuawa kwa risasi Tegucigalpa, alipotoka katika arusi. Oktoba 2016 aliuawa José Ángel Flores, kiongozi wa chama cha wakulima. Kwa taarifa ya Kamishna wa haki za binadamu wa nchi hiyo ya mwaka 2013, watu zaidi ya 90 walikuwa wameuawa katika migogoro ya ardhi ya bonde hilo, wengi wao tangu 2009. Wengi walikuwa wakulima, lakini walinzi wa mashamba nao walikufa, na walinzi hao walikuwa watoto wa maskini vilevile. Kesi zilizofika mwisho zilikuwa chache mno.

Fedha za nje nazo zilihusika. Mwaka 2009 tawi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni binafsi lilitia sahihi mkopo wa dola milioni 30 kwa kampuni ya Dinant, mwenye mashamba makubwa ya michikichi bondeni. Nusu yake ilitolewa Novemba mwaka huo. Malalamiko yalipofika, ofisi ya ukaguzi ya tawi hilo ilichunguza, na Januari 2014 taarifa yake ikatangazwa: wakopeshaji hawakufuata ipasavyo kanuni zao wenyewe za kupima hatari kwa jamii na kusimamia mkopo. Kampuni ilikana kuhusika na mauaji. Mimi si hakimu. Ninachotaka mkikumbuke ni kwamba malalamiko juu ya bonde hilo yalifika katika ofisi iliyoko Washington, nayo yakachunguzwa.

Februari 2022 serikali ya Rais Xiomara Castro ilitia sahihi mapatano mengine na vyama vya wakulima, ikaahidi tume ya kuchunguza hati za ardhi na mauaji. Hata baada ya sahihi hizo watu waliendelea kuuawa.

7. Kanisa katika bonde hilo

Huko Honduras, tangu mwaka 1966 katika Choluteca, Kanisa liliwaandaa walei kuongoza ibada ya Neno katika vijiji visivyo na padre. Wanaitwa Wajumbe wa Neno. Ni kama makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo za kwetu. Wengi wao walihamia Aguán pamoja na wakulima wenzao, na waliozoea kusoma Maandiko pamoja wakazoea pia kujadili mambo ya kijiji pamoja.

Jina la kijiji nilichokitaja latokana na Padre James Carney, Mjesuiti kutoka Marekani aliyefika Honduras mwaka 1961, ambaye wakulima walimwita Padre Guadalupe. Aliishi nao, akachukua uraia wao, akawafundisha kuungana. Mwaka 1979 alifukuzwa nchini. Mwaka 1983 alirudi kama mhudumu wa kiroho wa kikundi kidogo cha waasi wenye silaha, akapotea Septemba mwaka huo, na mwili wake haujapatikana. Juu ya hatua yake ya mwisho Wakristo hawakubaliani, nami siwezi kuishauri kwa mtu yeyote. Lakini miaka yake 18 kati ya maskini haifutwi na hatua hiyo.

Yupo pia Carlos Escaleras, kiongozi wa watu aliyepinga kujengwa kinu cha mafuta kando ya mto Tocoa, akauawa Oktoba 1997. Hifadhi ya taifa katika milima iliyo kusini mwa Tocoa ilipewa jina lake mwaka 2012. Mwaka uliofuata eneo la ndani la hifadhi hiyo likapunguzwa, na njia ikafunguka kwa mgodi wa chuma mahali panapotoka mito ya watu. Wanakijiji wa Guapinol walipopinga, wanane kati yao walikaa mahabusu kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Februari 2022. Mwaka 2024 Bunge lilirudisha ulinzi wa hifadhi.

Miongoni mwa waliosimama na wanakijiji hao alikuwa Juan López, Mjumbe wa Neno, mratibu wa huduma za jamii katika Jimbo la Trujillo. Tarehe 14 Septemba 2024, jioni, alipotoka kanisani Tocoa, alipigwa risasi akafa. Siku nane baadaye Baba Mtakatifu Fransisko alimtaja kwa jina katika sala ya Malaika wa Bwana. Mtu huyo hakuwa na silaha, wala cheo kikubwa. Alikuwa mlei wa parokia, kama ninyi.

8. Tujifunze nini

Ndugu zangu, mnakijua kisa cha Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mara nyingi tunakihubiri kana kwamba hatari ya maskini ni mfalme mwenye tamaa tu. Aguán yatufundisha kwamba kabla ya mfalme kuja yako mambo mengine.

La kwanza: hati peke yake haitoshi. Mwenye ardhi asiye na kinu, ghala, barabara wala soko hushika nusu ya mali.

La pili: deni lisiloelezwa huuza shamba polepole. Ushirika ambao mwanachama hawezi kufungua vitabu vyake umekwisha anza kuuzwa.

La tatu: sheria husomwa kabla haijapitishwa. Mwaka 1992 wengi waliijua sheria mpya siku mnunuzi alipofika.

La nne: mke asiye na kura ni ukuta uliobomolewa. Aliye karibu zaidi na sufuria huona mbali zaidi katika mambo ya shamba.

La tano: usipande zao la fedha mpaka ukingo wa mlango wa jiko.

La sita, na ndilo gumu: hasira ya haki ikikosa njia ya haki hutafuta njia nyingine. Kazi yetu ni kuitafutia njia ingali mapema, kwa barua, kwa mikutano, kwa wanasheria, kwa kumbukumbu zilizoandikwa vizuri. Mauaji yakishaanza, hata mshindi hulala na mlango uliokomewa.

Wakulima wa Aguán hawajashindwa. Vipo vyama ambavyo havikuuza hata siku ile wenzao walipouza, navyo vinakamua mafuta yao hadi leo. Hao nao walikuwa maskini, nao walijaribiwa. Tukiulizana walifanyaje hata wakabaki, tutakuwa tumeanza kuulizana swali letu wenyewe.



Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika kijiji chetu, ni nani wenye hati za ardhi? Je, majina ya wanawake yamo?

2. Chama chetu cha ushirika au kikundi chetu kina deni? Ni nani awezaye kutuonyesha kiasi chake?

3. Zao letu la biashara hukamuliwa, hukobolewa au huuzwa wapi? Ni nani hupanga bei?

4. Mtu akija kesho na fedha taslimu kununua shamba la pamoja, tutaamuaje, na ni nani watakaohudhuria mkutano huo?

5. Je, tunazo kumbukumbu zilizoandikwa za migogoro ya ardhi katika parokia yetu? Zinatunzwa na nani?